Anayeondoka Hupoteza Nini?

Mwaka 2015, katika wilaya ya Muleba mkoani Kagera, yalichaguliwa maeneo 48 ili kujibu swali lililokuwa limewakaa kooni wataalamu wa malaria Afrika nzima: mbu wameizoea dawa ya vyandarua, sasa tufanyeje? Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wa chuo cha KCMC cha Moshi na wenzao wa London waligawa vyandarua vya aina mbili. Baadhi ya maeneo yalipata chandarua cha kawaida chenye dawa. Mengine yalipata chandarua kilichochanganywa na PBO, kemikali ambayo haimuui mbu yenyewe ila humvunja kinga aliyojijengea dhidi ya dawa. Katika kila kundi kulikuwa pia na maeneo yaliyopuliziwa dawa ya ukoko ukutani na mengine yasiyopuliziwa. Kisha watoto wakawa wanatobolewa vidole na kupimwa. Baada ya miezi 9, watoto 42 katika kila 100 wa maeneo ya vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea vya malaria; kwenye vyandarua vya PBO walikuwa 29. Baada ya miezi 21, wakati nyavu zimeanza kuchakaa, hesabu ilikuwa 62 kwa 45. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitegemea ushahidi huo lilipopendekeza vyandarua vya PBO mwaka 2017, na mwaka uliofuata matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet. Leo sehemu kubwa ya vyandarua vinavyopelekwa Afrika ni vya PBO au vya aina mpya zaidi zilizofuata nyayo zake.

Katika daftari la mradi wa namna hii huwa kuna safu mbili, mfadhili na mnufaika. Fedha zilitoka Uingereza, basi Uingereza ni mfadhili. Watoto walikuwa wa Muleba, basi Muleba ni mnufaika. Lakini mama wa Burkina Faso au wa Msumbiji anayemlaza mwanawe leo ndani ya chandarua bora amefadhiliwa na nani? Ili ushahidi upatikane ilibidi watoto wa upande mmoja waendelee kulala chini ya chandarua kilichokuja kuonekana ni dhaifu, waugue zaidi, na kuugua kwao kuandikwe. Sisemi walidhulumiwa. Hakuna aliyejua jibu kabla ya kuuliza, chandarua cha kawaida ndicho kilichokuwa kikitumika nchini kote, na utafiti wa namna hii haufanyiki bila ridhaa ya wazazi na matibabu kwa anayekutwa na vimelea. Ninachosema ni kwamba mchango huo hauna safu yake daftarini. Paundi zimeandikwa, damu ya kidoleni haikuandikwa.

Dunia imezoea kuita mahusiano ya aina hii ubia. Ripoti ya tume ya Lester Pearson, iliyoandaliwa kwa ajili ya Benki ya Dunia na kutolewa mwaka 1969, tayari ilikuwa ikizungumza juu ya wabia katika maendeleo, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliuweka ubia wa kimataifa kuwa lengo la 17 na la mwisho katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Tangu hapo neno hilo limekuwa kwenye kila bango la mradi, kila kizibao cha mhamasishaji na kila hotuba ya uzinduzi. Swali la kifalsafa lililofichwa chini ya mabango hayo halipati nafasi: je, watu wasiolingana wanaweza kuwa wabia kweli, na kama wanaweza, tutautambuaje ubia wao? Wako wanaojibu kwa kupima kiasi, nani kaweka kingi na nani kaweka kidogo. Wako wanaopima heshima: mwenyeji alishirikishwa, alikaa meza kuu, nembo yake iko pembeni ya nembo ya mgeni. Vipimo vyote viwili vinapotosha. Hoja yangu ni kwamba haki katika ushirika wa wasiolingana hupimwa kwa gharama ya kuuvunja. Ukiondoka kesho utapoteza nini, na utamjibu nani? Ikiwa mmoja akiondoka anasemwa vibaya magazetini kwa wiki moja, na mwenzake anapoteza dozi yake ya dawa, hapo ipo hisani, pengine hisani kubwa na njema. Ushirika haujakuwepo.

Kipimo hiki hakikutoka Geneva. Buhaya yenyewe, nchi ya Wahaya hapa Kagera, iliwahi kuishi ndani ya mahusiano mawili yanayoonyesha tofauti hiyo waziwazi. La kwanza ni omukago, udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wa koo tofauti, mara nyingi mmoja ana mali na mwingine hana, walichukua tunda moja la kahawa, ambalo kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana. Kila mmoja alichanjwa tumboni karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, mwenzake akaimeza. Kuanzia siku hiyo kila mmoja alikuwa na wajibu wa kumpokea mwenzake, kumtetea, kumsaidia shidani, na kutomficha hatari. Iliaminika kwamba punje iliyomezwa ingemdhuru atakayesaliti. Anayetaka kuicheka imani hiyo na aicheke, lakini atazame kwanza ilivyojengwa: dhamana ya mapatano iliwekwa ndani ya mwili wa kila upande. Tajiri alimeza sawa na maskini. Hawakulingana kwa ng'ombe wala kwa migomba. Walilingana katika kile ambacho kila mmoja angepata hasara akiondoka. (Yalikuwa mapatano ya wanaume zaidi, na huo ni upungufu wake: mwanamke aliyepalilia kahawa hiyo alikuwa nje ya kiapo.)

La pili ni nyarubanja. Chini ya utaratibu huo, uliopanuka sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wakati bakama, yaani watawala wa Kihaya, na watu wao wa karibu walipojitwalia maeneo makubwa, mkulima aliishi kwenye kibanja chenye migomba na mibuni ambacho hakikuwa chake. Alilima, alivuna, alitoa fungu la bwana. Wako mabwana waliokuwa wema. Waliwalinda watu wao, waliwasamehe mwaka wa njaa, waliwaozea watoto. Ila wema huo ulining'inia kwenye moyo wa bwana. Akibadilika bwana, au akirithiwa na mwana mwenye moyo mwingine, mkulima hakuwa na pa kushika. Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja mwaka 1965. Halikufanya hivyo kwa kuwa kila bwana alikuwa mkatili. Lilifanya hivyo kwa kuwa mtu huru hapaswi kuishi kwa kutegemea kwamba bwana ataamka vizuri. Sehemu kubwa ya kinachoitwa leo ubia wa kimataifa ni nyarubanja iliyovishwa mavazi ya omukago.

Tuangalie mfano ambao mkoa huu unaujua kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa mpakani na wafanyabiashara wa magendo. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden walipima watu na kukuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu watu wazima 24 katika 100 walikuwa na virusi, na Bukoba Vijijini pamoja na Muleba 10 katika 100. Kufikia mwaka 1996 kiwango cha mjini kilikuwa kimeshuka hadi 13 hivi. Sehemu ya kushuka huko ni makaburi, na asiyelisema hilo anapamba habari. Lakini maambukizi mapya nayo yalipungua, na dawa za kufubaza virusi hazikuwepo. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kazi ile ya miaka ya tisini ilifanywa na nani? Wageni walileta vipimo, fedha na ujuzi, na shukrani zao wanastahili. Waliobadilisha mwenendo, waliouguza, waliozika, waliolea ni wenyeji. Tarafani Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003, kwa fedha zilizotoka hasa Uswisi, kuwalipa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini iliyofanywa miaka michache baadaye ilipewa jina la vitu ambavyo fedha hiyo ilikwenda kununua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kilichomsaidia bibi kuliko wingi wa fedha ni uhakika kwamba mwezi ujao itakuja tena. Kwa uhakika huo aliweza kukopa sabuni dukani, akaaminiwa, akapanga.

Sasa chukua dawa za kufubaza. Anayezimeza hatakiwi kuziacha maisha yake yote. Akiacha virusi vinapanda, na akiacha na kurudi ovyo anaweza kujenga usugu. Mwili wake umeshafungwa. Upande wa pili, Januari 20, 2025, rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Msamaha wa huduma za kuokoa maisha ulitangazwa siku chache baadaye, lakini kati ya tangazo la Washington na kaunta ya kliniki kulikuwa na malipo yaliyokwama, watumishi wa mikataba walioambiwa wabaki nyumbani na wagonjwa wasiojua kama tarehe ya kadi yao bado ina maana. Kufikia Julai 1 shirika la USAID lenyewe lilikuwa limefungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 Marekani ilikuwa imetoa fedha nyingi kuliko taifa lolote kwa ajili ya UKIMWI Afrika, na maelfu ya watu wa Kagera wako hai kwa sababu hiyo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Bwana alikuwa mwema miaka mingi, kisha akarithiwa.

Siku ileile ya Januari 20, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amesimama na Mkurugenzi Mkuu wa WHO akitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo, wilaya inayopakana na Muleba. Na siku hiyohiyo Marekani ilitangaza kujitoa WHO. Hapo kuna tofauti ndogo ya kisheria yenye kufundisha sana. Marekani ilipojiunga na WHO mwaka 1948 ilijiwekea haki ya kujitoa, kwa sharti la kutoa notisi ya mwaka mmoja na kumaliza madeni yake ya ada. Kwa hiyo taasisi ya Geneva, yenye wanasheria na akiba, ilipewa miezi 12 ya kujipanga. Mgonjwa wa Kamachumu, hapa Muleba, hakuwa na notisi hata ya juma moja, kwa kuwa hakuna karatasi iliyomtaja kuwa upande wa makubaliano.

Atasimama mtu hapa na pingamizi la kwanza, nalo ni zito: mali ni ya mwenyewe. Mlipa kodi wa Ohio hakumwambukiza mtu wa Bukoba. Akitoa ni ukarimu, na ukarimu ukigeuzwa deni hukoma kuwa ukarimu. Dini zilizoko Kagera, ambako makanisa na misikiti vimekaa jirani kwa zaidi ya karne, zimelishughulikia swali hili mapema kuliko wanauchumi. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Mtume Paulo anachangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Anakataa kuwaamuru Wakorintho, na bado anaikataa dhana kwamba mmoja apumzike huku mwingine akitaabika. Anazungumzia usawa: ziada yenu leo izibe upungufu wao, ili siku nyingine ziada yao izibe upungufu wenu. Anadhania kabisa kwamba mtoaji wa leo ni mhitaji wa kesho. Qurani nayo, katika Sura za Adh-Dhariyat na Al-Maarij, inasema ndani ya mali za wacha Mungu imo haki ya anayeomba na ya aliyenyimwa; na katika Al-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Ukiziweka pamoja, hoja hizi hazimwambii tajiri kwamba mali si yake. Zinamwambia kwamba akishamfanya mwingine auweke uhai juu ya mkono wake, mkono huo si wake peke yake tena. Aliyejitolea kumvusha mwenzake mtoni anaweza kukataa akiwa bado ukingoni. Wakiwa katikati ya maji, uhuru wake wa kubadili mawazo umekwisha, hata kama hakulipwa senti.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani na lina sauti ya Nyerere. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba kujenga nchi juu ya misaada na mikopo ni kuuza uwezo wa kuamua, na Waswahili walikwishasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Miaka minne baada ya Azimio, kiongozi wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, John Gatu, aliwashtua Wakristo wa Magharibi kwa kuwaomba wasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliibeba hoja hiyo. Mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na hivyo mtu wa kanisa lililokuwa likipokea akawa mkuu wa wanaotoa. Nadhani Gatu aliona jambo ambalo wengi waliomshambulia hawakuliona. Hakuwa akichukia wageni. Alikuwa akidai haki ya upande wa pili kuvunja. Mpaka mpokeaji naye aweze kusema basi, na dunia isimwangukie, hajawa mbia.

Kujitegemea kwa maana hiyo ninakukubali, na kunaishi ndani ya kipimo changu bila taabu. Kuna mpaka wake, hata hivyo. Kanisa linaweza kusitisha kupokea harmoniamu na magari. Linaweza hata kupunguza mishahara ya wachungaji wake na likaishi. Hospitali za makanisa za Ndolage na Rubya, wilayani Muleba, zinaweza kujadili nani alipe daktari. Kwa miongo mingi sasa, chini ya makubaliano kati ya Serikali na makanisa, mishahara ya watumishi wengi wa hospitali za aina hiyo hutoka hazina ya taifa, na huo ni ubia ambao pande zote mbili zingeumia ukivunjika. Lakini mtu aliye kwenye dozi hawezi kusitisha kwa ajili ya heshima ya bara. Kwa hiyo kanuni inagawanyika: penye jambo ambalo mpokeaji anaweza kulikataa, tumjengee uwezo wa kukataa, penye jambo ambalo hawezi kulikataa bila kufa, mtoaji ndiye afungwe. Anayehubiri kujitegemea bila kutofautisha mambo haya mawili anawatoza wagonjwa gharama ya falsafa yake.

Na si kweli kwamba mtoaji anaweza kuondoka kabisa. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini, Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua, 6 walikufa, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 2, bila kuvuka mipaka ya mkoa, ingawa Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi na mabasi yake hulala Kampala na Dar es Salaam. Waliofuatilia waliokutana na wagonjwa, waliozika kwa tahadhari, waliokubali kukaa karantini mashamba yakiota magugu, walifanya kazi ya ulinzi kwa niaba ya viwanja vya ndege ambavyo hawatavitia miguu. Katika lugha ya lengo la 17, waliofanya hayo ni wanufaika. Mimi ningewaandika kwenye safu nyingine. Mtu akiniuliza Kagera imempa nini dunia hata idai kufungiwa mkataba, nitamtajia vyandarua vya PBO na miezi ile ya mwaka 2023, na sitaona haja ya kuendelea.

Pingamizi la tatu linauma kwa sababu ni la kweli. Tunawadai wageni uaminifu, na sisi kwa sisi? Septemba 10, 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilibomoa nyumba za Bukoba na vijiji vyake na kuua watu 17. Michango ilimiminika kutoka ndani na nje. Mwezi huohuo maofisa wawili wa serikali mkoani walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa, na Januari iliyofuata Rais Magufuli aliwaambia wananchi mjini Bukoba kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Unaweza kuutetea uamuzi huo kwa hesabu za bajeti. Huwezi kusema aliyechangia kwa ajili ya nyumba ya mjane aliulizwa. Tena iko butura: mkulima, ada ya shule imemfika shingoni, anauza kahawa ikiwa bado maua kwa jirani mwenye fedha taslimu, kwa bei ambayo msimu ukifika humfanya aitazame mibuni yake kama mgeni. Vyama vya ushirika vilianzishwa kumwondolea aibu hiyo. Chama Kikuu cha Bukoba kilizaliwa mwaka 1950, na mrithi wake, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU), kiliuza kahawa nje kwa mfumo wa biashara ya haki na kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA mjini Bukoba, jambo la kujivunia. Lakini chama kinapochelewesha malipo miezi, ndicho kinachompeleka mwanachama wake kwenye butura. Katika hali hizo zote kipimo ni kilekile na kinatoa jibu lilelile: anayechelewesha hapotezi kitu, anayesubiri ndiye anayelipa. Pingamizi hili haliivunji hoja yangu. Linaipanua hadi mlangoni kwetu, na sioni kwa nini tusubiri kumaliza kuosha vyombo vyetu ndipo tuwaambie wengine vyao vina masizi.

Limebaki pingamizi la wanaojiita watu wa uhalisia. Ukimfunga mtoaji, wanasema, atakimbia. Serikali za nje zina wapiga kura wake, bunge moja haliwezi kulifunga bunge lijalo, na mkataba wa misaada si mkataba wa biashara. Ningelikubali hili kama lisingekuwepo bomba la mafuta. Bomba la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, CNOOC ya China 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania 15 kila moja. Mei 20, 2021 Tanzania ilisaini mkataba wa nchi mwenyeji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria maalumu ili masharti ya mradi yapate nguvu. Wawekezaji hawakuambiwa wategemee moyo mwema wa Dodoma. Hakuna aliyedai kwamba bunge la leo haliwezi kulifunga la kesho. Waliomimina mabilioni walitaka kujua hasara ya kuondoka italipwa na nani, wakaandikiwa. Kwa hiyo dunia inajua sana kufunga mapatano ya miaka mingi kati ya wasiolingana. Inaifanya kazi hiyo kwa umakini wote pale fedha ya mwenye nguvu inapokuwa hatarini, na ndani ya vijiji vilevile vya Muleba ambamo uhai wa mtu aliye kwenye dozi umeachwa bila karatasi.

Tanzania yenyewe ilishawahi kuonyesha kwamba mtoaji anaweza kuwekwa mizani. Mwaka 1994 wafadhili walisimamisha misaada wakilalamikia misamaha ya kodi na ukusanyaji mbovu wa mapato, na Serikali ikalalamika kuingiliwa. Likaundwa kundi huru la washauri chini ya mwanauchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, lililotoa ripoti yake mwaka 1995 na kuzilaumu pande zote mbili bila kuoneana haya. Baadaye likaja kundi huru la kufuatilia lililoongozwa na Profesa Samuel Wangwe, lenye jukumu la kuwatathmini wafadhili pamoja na Serikali. Kwa miaka kadhaa nchi maskini ilikuwa na haki ya kusoma kwa sauti alama za mitihani za wanaoipa fedha. Utaratibu ule ulififia, na kufifia kwake hakukumgharimu mfadhili hata mmoja, jambo linaloonyesha pengo lilipokuwa: alama zilitolewa, adhabu ya kufeli haikuwepo.

Basi mambo ya kudai si ya ajabu. Mei 20, 2025 Baraza la Afya Duniani lilipitisha Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko, lakini kiambatisho kuhusu nchi kugawana sampuli za vimelea na faida zinazotokana nazo kiliachwa kijadiliwe baadaye. Nchi iliyozika watu Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025 ina kila sababu ya kukataa kiambatisho kinachosema sampuli ziende kwanza na faida zifuate zikipatikana. Sampuli na fungu la chanjo viwe masharti ya tarehe moja, na atakayezuia kimoja akose kingine. Katika makubaliano ya dawa za kufubaza, kiwekwe kipengele cha notisi: anayetoa akitaka kuondoka, aendelee kuwagharamia waliokwishaanzishiwa dozi kwa muda uliotajwa, na Serikali nayo itaje, kwa tarakimu na kwa mwaka, sehemu itakayoibeba yenyewe kila bajeti hadi deni hilo la uhai liwe la nyumbani. Kipengele cha miezi 12 kingetosha kuanzia. Marekani ilikwishakikubali mwaka 1948 kwa faida ya ofisi za Geneva, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema hakiandikiki kwa ajili ya mgonjwa wa Kamachumu.